Sikio Lililokatwa Mara Mbili

Asubuhi ya kuchambua kondoo, kila shamba litenge wake, Hallbera aliamka kabla ya mumewe, akawasha jiko, akasimama akiutazama mlango wa chumba cha Steinar. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Ulikuwa hivyo tangu theluji ilipoyeyuka, na yeye hakuwahi kuusukuma. Kila akiupita na ndoo ya maziwa, mguu wake ulipunguza mwendo wenyewe, kisha ukaendelea.

Ndoa yao ilikuwa ya mapatano. Bonde zima lilijua, na mjini Kaldvik walijua vizuri zaidi. Steinar alikuwa amekuja kutoka ghuba ya mbali na farasi mmoja na mbwa mmoja, akitafuta shamba la kukodi. Bibi Oddrun, mwenye shamba la Hlid, alimwambia waziwazi kwamba hampi kapera. "Nyumba isiyo na mwanamke ni zizi lenye madirisha," alisema. Wakati huo Hallbera alikuwa kwa kaka yake, shamba la Bakki, akikoroga vyungu visivyo vyake na kulala chumba cha kuanikia soksi. Walikutana barazani pa duka la ushirika, mvua inapiga upande, Steinar akamwambia shida yake kama mtu anayeuliza njia.

"Mpaka kondoo washuke kutoka mlimani," alisema siku ile. "Wakishuka ukataka kuondoka, ondoka. Sitakuuliza kwa nini."

"Na nikitaka kubaki?"

Steinar alicheka kwa aibu, akavua kofia akaivaa tena. "Hilo sikulifikiria."

Sasa kondoo walikuwa wameshuka. Sanduku la Hallbera lilikuwa bado chini ya kitanda, nguo zimekunjwa ndani kama siku alipofika. Jana, wakati akikanda unga, alikuwa amelijaribu neno moja mdomoni, akilisema kwa jiko, kwa paka, kwa dirisha. Nabaki.

Steinar alitoka akiwa amevaa sweta la sufu alilofumiwa na Hallbera. Kiwiko kilikuwa kimetoboka.

"Livue nilishone."

"Watu wanangoja zizini, Bera."

"Wamwone mume wangu ametoboka?"

Alikuwa amesema "mume wangu" bila kukusudia. Mezani pale neno hilo halikuwa na kazi. Steinar alishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, akamtazama juu ya mvuke, macho yake ya kijivu yakakaa usoni pake muda mrefu kuliko kawaida.

"Jioni tutaongea," alisema.

"Tutaongea."

Na wote wawili wakayageuza macho dirishani, kana kwamba kuna mgeni anakuja.

*

Zizi kuu la mawe lilikuwa limejaa pomoni. Kondoo walikuwa katikati wakilia, na pembeni kila shamba lina kizimba chake. Watu walikuwa wamesimama kati ya migongo ya sufu hadi mapajani, wanashika pembe, wanapindua sikio, wanasoma alama ya shamba iliyokatwa humo, wanaburuta. Chupa ilipita mkono kwa mkono. Kulikuwa na waliokwisha anza kuimba, na sauti zao hazikuwa zikikubaliana.

"Wifi, umependeza," alisema Gudlaug, mke wa kaka yake, akimmiminia kahawa. "Unaaga leo au unaagwa?"

"Nanywa kahawa, wifi."

"Kunywa. Kile chumba chako cha soksi kipo palepale. Sijakigusa."

"Soksi zitanikumbuka."

Gudlaug alicheka, na wanawake wawili nyuma yake wakacheka pia, si kwa ubaya sana. Hallbera alimtafuta Steinar kwa macho. Alimwona anakuja na kondoo jike mzee ambaye walidhani ni tasa, anamvuta kwa pembe, na nyuma yake kichanga kinarukaruka. Masikio ya kichanga yalikuwa mazima, hayana alama.

"Angalia bibi kizee alivyotuficha," Steinar alisema, uso wake mwekundu kwa furaha. "Amezaa juu huko huko, hakuna aliyejua. Mtoto anamfuata mama, ni wetu." Akamwinamia Hallbera sikioni ili wengine wasisikie. "Jioni utamtia alama wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Basi tu. Nataka wewe."

Moyo wa Hallbera uliruka kama kile kichanga. Angeweza kulisema neno lake palepale, katikati ya kelele. Akaona bora angoje jioni. Jioni kuna utulivu.

Ndipo sauti ya kaka yake, Ketill, ikapanda juu ya sauti zote.

"Mzee Thorgils. Hebu njoo usome hapa."

Ketill alikuwa amembana mwana-kondoo kati ya magoti. Wakati wa kiangazi cha mwaka jana alikuwa amepoteza kondoo, na bonde lilikuwa limenong'ona majira ya baridi yote: wamepotea mwaka uleule alipofika mgeni. Hakuna aliyelisema hilo mbele ya Steinar. Leo Ketill alikuwa na uso wa mtu aliyesubiri sana.

Thorgils aliongoza msako wa mlimani kila mwaka, na kwa hiyo walimwita mfalme wa mlima, mzee mrefu mwenye ugoro puani. Alipindua sikio la kulia la yule mwana-kondoo, akalipapasa kwa kidole gumba. Akalipapasa tena.

"Alama ya Hlid," alisema. "Ncha imepasuliwa kama mkia wa samaki."

"Na urefu wa sikio?"

"Fupi."

"Fupi," Ketill alirudia, ili hata wa pembeni wasikie. "Kwa sababu lilikatwa kwanza wima, ncha yote ikatolewa. Nani bonde hili anakata ncha wima? Ni Bakki. Ni alama ya baba yangu, na ya baba yake. Kisha mtu akaja na kisu akapasua mkia wa samaki juu yake."

"Mama yake yuko wapi?" Thorgils aliuliza.

"Hana mama. Alikuwa peke yake."

Waliokuwa wakiimba waliacha mmoja mmoja. Hallbera aliliona sikio lile, na kikombe kikawa kizito mkononi.

Alimjua. Alimjua mwana-kondoo yule kwa doa jeusi chini ya jicho. Ilikuwa wakati wa kuzalisha, Steinar amekesha bandani usiku baada ya usiku, na asubuhi ile alimkuta amesinzia juu ya magunia, mdomo wazi, mkono umemshika mbwa. Alimwonea huruma. Alimfunika koti, akachukua kisu cha marehemu baba yake, akaanza kutia alama peke yake. Alikuwa akimtazama yule aliyelala. Mkono ukafanya ulichofanya tangu utotoni: ncha wima, chap, ikaanguka kwenye majani. Alama ya Bakki, kwenye sikio la mwana-kondoo wa Steinar. Alisimama amekipakata kile kiumbe kidogo kinachotetemeka, kisha akapasua mkia wa samaki kwenye kilichobaki, akafuta damu kwa aproni. Hakumwambia mtu. Mke anayewapa kondoo wa mumewe alama ya kwao, watu wangesema nini? Wangesema ameolewa yeye, mkono haujaolewa. Na Steinar angesikia.

"Nani alitia alama Hlid mwaka huu?" aliuliza Thorgils.

Swali lilikuwa jepesi. Steinar alimtazama mkewe. Hayakuwa macho ya kulaumu. Yalikuwa macho ya mtu aliyefungua mlango na kusimama kando ili mwingine apite.

Hallbera alifungua kinywa. Akamwona Gudlaug amekaza shingo. Akawaona wale wanawake. Akafikiri: leo, siku hii hii, niseme mbele ya watu kwamba mkono wangu ulikuwa bado Bakki, halafu jioni nimwambie nabaki? Ataniaminije? Alikuwa anatafuta namna ya kulisema lisiumize. Alikuwa bado anatafuta.

"Mimi," alisema Steinar.

"Kisu kiliteleza?" Thorgils alimsaidia, maana alikuwa mtu mwema.

"Kiliteleza."

"Kikatelezea hasa alama ya Bakki," alisema Ketill. "Shemeji, mkono wako uliijulia wapi alama ya baba yangu?"

Jibu lilikuwa moja tu, na Steinar hakutaka kulitoa yeye. Alitazama chini kwenye tope, akapangusa mikono kwenye sweta.

"Mchukue," alisema. "Mchukue mwana-kondoo, Ketill."

Bondeni kule watu hugombania mwana-kondoo mpaka wajukuu. Anayemwachia bila kubisha amekiri. Wanaume walitazama buti zao. Mtu alikohoa. Thorgils alifunga kopo lake la ugoro, na mlio wa kifuniko ukasikika hadi ng'ambo ya ukuta.

"Ni mimi," Hallbera alisema. "Ni mimi niliyemkata. Mkono wangu ulisahau. Nilimkatia ya Bakki, kisha nikapasua juu."

Ketill aligeuka. Hasira ilimtoka usoni, ikaingia huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya zaidi.

"Dada. Usijishushe kwa ajili yake."

"Ni kweli, kaka. Nilikuwa na kisu cha baba."

"Mke mwema," alisema Gudlaug kwa upole, na safari hii hakuwa anatania. "Hata mimi ningesema hivyohivyo."

Hallbera alimgeukia mzee. "Mzee Thorgils, wewe unanijua tangu nazaliwa. Je, nimewahi kusema uongo?"

Thorgils alitikisa kichwa.

"Hujawahi, binti yangu," alisema. "Ungelisema kabla yake, ningekuamini. Sasa umesema baada yake. Baada ya mume, kila mke husema."

Ketill alimnyanyua mwana-kondoo, akampeleka kwenye kizimba chake. Alipopita karibu na dada yake alisema kwa sauti ya chini, "Nitapita Hlid na gari kabla giza halijaingia. Funga vitu vyako. Hulali tena nyumba ile."

*

Waliwaswaga kondoo nyumbani kando ya mto, Hallbera upande huu, Steinar upande ule, migongo ya sufu ikienda kati yao. Nyuma yao nyimbo zilikuwa zimeanza tena. Hakuna aliyewaita wakale supu ya nyama pamoja na wengine, ingawa kila mwaka walioshuka mlimani hula pamoja.

"Hata wewe ulifikiri ni mimi?" aliuliza Steinar hatimaye.

"Hapana. Hata kidogo."

"Basi ulikuwa unangoja nini, Bera?"

"Niliogopa."

"Uliogopa kucheka kwa Gudlaug?"

"Niliogopa wewe ujue." Sauti yake ilikatika, akaikaza. "Kwamba mkono wangu ulikuwa bado uko kwetu. Leo, siku ya leo."

Steinar alimpigia mbwa mluzi, akamrudisha kondoo aliyetaka kuteremkia mtoni. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuweka uso.

"Nilijua tangu tulipowapandisha mlimani," alisema. "Nililishika lile sikio, nikahisi."

"Ulijua. Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Ningekuamsha nikuulize mbona mkono wako umekwenda kwenu? Mapatano yetu hayakugusa mikono." Alijaribu kutabasamu, tabasamu halikutoka. "Nililitazama lile pasuo la pili. Lilikuwa limekatwa kwa uangalifu mno, limenyooka. Nikasema, aliyekata hivi alijitahidi kurudi. Nikaamua nitalihesabu lile la pili, la kwanza nisilihesabu. Nikakungoja uniambie mwenyewe."

"Ndiyo maana ukataka nikitie alama kile kichanga."

"Ndiyo maana."

Hallbera alitembea akiangalia vidole vyake. Vilikuwa vimekauka kwa baridi na mafuta ya sufu. Laiti angemwamsha asubuhi ile bandani, angesema tu, Steinar, angalia mkono wangu mjinga ulivyofanya, na wangecheka pamoja juu ya magunia, na mlango ule ungesukumwa zamani.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" aliuliza.

"Uliponyamaza nikadhani umeshajibu. Nikadhani umechagua kwenu, na hujui namna ya kuniambia mbele za watu. Sasa kama unaondoka, ya nini uondoke na kicheko? Mwizi nitakuwa mimi, na mimi ni mgeni tu. Mgeni hubeba lawama."

"Wewe ni mpumbavu, Steinar."

"Hilo halikuwa siri."

Lakini walipofika uani hakutania tena. Aliwaingiza kondoo malishoni, akaingia ndani, akatoka na sanduku la Hallbera. Hakulifungua, hakulitikisa. Aliliweka kwenye kipandio cha mlango, akalipangusa vumbi la chini ya kitanda kwa mkono.

"Wameshuka," alisema. "Nilikuahidi sitakuuliza kwa nini, na sikuulizi. Nenda na kaka yako. Ukibaki hapa watakuita mke wa mwizi dukani, na kanisani watakuachia benchi zima. Sikukuoa nikufanyie hivyo."

"Ulinioa kwa nini?"

"Kwa shamba," Steinar alisema. Kisha, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia naye, "Mwanzoni."

Barabarani, kule chini penye daraja, gari la Ketill lilionekana likipanda, taa moja inawaka, nyingine imekufa.

Hallbera aligeuka, akaliacha sanduku palepale, akaenda moja kwa moja malishoni. Kondoo mzee alikuwa kando ya ukuta, na kichanga kimejibanza ubavuni pake. Alikikamata mguu wa nyuma, akakipakata. Kilipiga mateke, kisha kikatulia, moyo wake ukidunda dhidi ya kiganja. Alirudi nacho uani akapiga magoti kwenye majani. Kisu cha baba yake kilikuwa mfukoni mwa aproni, palepale kinapokaa siku zote.

"Nishikie kichwa," alisema.

"Bera, gari limefika."

"Nishikie kichwa."

Steinar alipiga magoti mbele yake. Vichwa vyao vilikaribiana, Hallbera akasikia harufu ya moshi na sufu na ya mtu aliyechoka. Gari lilizimwa langoni. Mlango wake ulibamizwa, na hatua za Ketill zikaja, zikasimama.

"Dada, twende."

Hakuinua macho. Alilishika sikio la kulia, jembamba, lenye joto, lenye manyoya laini ndani. Mkono ulitaka kwenda wima. Aliusikia ukitaka, kama farasi mzee anayeijua njia ya nyumbani. Aliungoja utulie. Kisha akapasua upande huu, akapasua upande ule, na mkia wa samaki ukabaki kwenye ncha, mdogo, sawasawa, tone moja la damu kila upande. Kichanga kilitoa sauti moja tu.

Ketill alikuwa ametazama mwanzo hadi mwisho.

"Hiyo haibadilishi kitu," alisema. "Watu walishaona waliyoona."

"Najua, kaka. Sikuwa nakukatia wewe."

Ketill alisimama akizungusha funguo mkononi. Alitazama sanduku, akamtazama Steinar, akamtazama dada yake aliyekuwa anafuta damu kwa aproni ileile. Alikuwa kaka yake, alimlea kwa namna yake, na Hallbera aliona jinsi alivyotaka kusema neno zuri akalikosa.

"Chumba chako kipo," alisema mwishowe, akarudi kwenye gari.

Walibaki wamepiga magoti mpaka mlio wa injini ukapotelea darajani. Steinar alifungua mikono, kichanga kikamkimbilia mama yake, kikitikisa kichwa.

"Umekata vizuri," alisema. "Laiti wangeliona sikio hili, siyo lile."

"Laiti ningesema kwanza."

"Laiti."

Hakulikanusha, wala Hallbera hakutaka alikanushe. Lingekaa nao mezani msimu wote wa baridi, na pengine baridi nyingine tena. Alifunga kisu.

"Mwakani nitasimama zizini niseme tena," alisema. "Kabla mtu yeyote hajafungua mdomo."

"Hawatakuamini."

"Nitasema mwaka unaofuata."

"Na wakikataa na mwaka huo?"

"Basi nitasema wa tatu. Nitakuwepo, Steinar. Kila mwaka wakishuka, nitakuwa nipo hapa."

Steinar alimtazama bila kupepesa. Ilimchukua muda kuelewa alichoambiwa. Alipoelewa alifunika macho kwa mkono ambao bado ulikuwa na damu ya sikio, akakaa hivyo.

Hallbera aliinuka, magoti yameloa umande. Alilibeba sanduku mwenyewe, akaingia ndani. Alipofika kwenye ule mlango ulioegeshwa, mikono yake ilikuwa imejaa, basi akausukuma kwa bega.